Mwisho Niliompa Koplo Opoka

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha pabaya: mtafsiri wa kibanda chetu cha filamu kakimbilia Arua kwa mke wa pili, watu wamejaa mpaka mlangoni, Valère mwenye kibanda anashika kichwa, na mimi Kaltumi, mjane wa sajenti wa polisi, miaka sabini na moja, nimenyakua maiki na kusema Kiingereza nakijua.

Sikijui.

Nilisoma mpaka darasa la sita. Kiingereza changu kinaishia kwa ng'ombe: anakula nini, anatupatia nini, mkia wake uko wapi. Filamu ikiwa na ng'ombe, hakuna mtafsiri Kampala nzima wa kunishinda. Shida ni kwamba wazungu wanaigiza sana bila ng'ombe.

Kwa ninyi mlioingia leo, kibanda chetu ni nyumba ya mabati chini ya kilima cha Mbuya. Mabenchi kumi na mawili, televisheni moja, spika mbili, moja ndani na moja nje ya kuita watu. Mezani nyuma anakaa mtu mwenye maiki, anawaambia watazamaji filamu inasema nini. Mjini wanatafsiri kwa Kiganda. Kwetu kuna familia za wanajeshi na kuna Wakongo, kwa hiyo ni Kiswahili.

Tangu siku ile ya maiki, mwaka wa pili huu ninafanya kazi hiyo. Natazama macho, natazama mikono, nasema. Akipiga ngumi, amekasirika. Akibusu, wameelewana. Sijakosea sana. Mara moja tu niliwaoza kaka na dada, na nilipogundua nikasema mmoja wao aliokotwa.

Hakuna aliyejua. Mpaka nilipoiharibu posa ya watu, Jumapili saa tisa mchana, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Valère alikuja na flashi mpya. "Mama Kaltumi, leo tuna filamu ya akili."

"Akili za nani?"

"Za watu wa Ulaya."

"Basi tutazirudisha zikiwa nzima."

Filamu yenyewe ni ya mzungu mmoja mnene, mpole. Anaishi kwenye nyumba kando ya ziwa na mke mwenye gauni la kijani. Mke anamimina chai. Mzungu analala. Akiamka, yuko hospitali, peke yake, mashine inalia pii, pii. Analala tena. Akiamka, yuko ziwani, chai ile ile. Analala, hospitali. Analala, ziwani. Nikasema moyoni, huyu bwana halali, anabadilisha vyumba tu.

Mwishoni kabisa amekaa ukingoni mwa kitanda. Wanakuonyesha shuka nyeupe na ukuta, basi. Huwezi kujua ni kitanda cha wapi. Nyayo zinasikika nje. Kitasa cha mlango kinazunguka. Mzungu anageuka, anafungua mdomo, na tap! Giza. Majina ya watu yanaanza kupanda.

Mabenchi yakalipuka. Wote huniita Jajja, yaani bibi kwa Kiganda.

"Jajja, nani yuko mlangoni?"

"Jajja, amesema nini?"

Nilidhani filamu kwenye flashi ya Valère imekatika. Kwetu filamu isiyo na mwisho ni filamu iliyonakiliwa vibaya, na mtafsiri akikatikiwa na filamu, kazi yake ni kuimalizia. Mtu hawezi kulipa kiingilio halafu aende nyumbani na kitasa.

Nikatazama mbele nitafute maneno. Macho yangu yakatua benchi la pili.

Hapo alikuwa amekaa Koplo Opoka. Mwacholi wa kaskazini, mstaafu wa jeshi, mrefu kama nguzo ya simu. Mke wake Adyero alifariki miaka minane iliyopita. Pembeni yake Bibiane, msusi kutoka Bukavu, mjane pia, hajafika hamsini, ana meno mazuri na anajua kwamba ni mazuri. Jumamosi iliyokuwa inakuja, kaka zake Koplo walikuwa wapande basi kutoka Kitgum waje kumposa Bibiane kwa ndugu zake.

Bibiane alikuwa anamlisha njugu. Moja moja. Kama kasuku.

Kabla ya Februari, Koplo alikuwa anakaa nyuma karibu na meza yangu, ananishikia tochi. Si kwamba nilikuwa nahesabu miezi.

Nikasogeza maiki mdomoni, nikafanya sauti ya mwanamume aliyechoka:

"Ee Mungu wangu. Kumbe nilikuwa naota! Hakuna ziwa, hakuna chai, hakuna mke. Huyo anayekuja ni nesi na sindano yake. Nimeamka peke yangu."

Banange! Watu walilia. Mke wa sajenti mmoja alipenga kamasi kwenye kofia ya mtu. Wakati ule nilijiambia nimefanya vizuri, maana watu wakilia wanarudi kesho.

Koplo hakulia. Alichukua njugu iliyokuwa inaelekea mdomoni mwake, akairudisha kwenye kiganja cha Bibiane, akakifunga kiganja kile taratibu. Akavaa kofia. Akatoka.

Jumatatu asubuhi Bibiane aliingia kwangu na kitana mkononi. Nadhani alimwacha mteja na nusu ya kichwa.

"Mama Kaltumi, umeniua."

"Mbona unatembea?"

"Usinichekeshe, Mama! Koplo amenikataa. Anasema miye ni ndoto."

Nilitaka kucheka. Nikakohoa.

"Anasema nini hasa?"

"Anasema, Bibiane, tangu Februari nina furaha. Mwanajeshi akiwa na furaha lazima aangalie yuko wapi. Anasema alikuwa anamuota Adyero kila juma, na tangu anijue miye hamuoti tena. Sasa anauliza, ameacha kuota ama ndiyo yuko ndani ya ndoto yenyewe?"

"Ungemwambia ajifinye."

"Nilimwambia finya uone. Akanifinya miye! Tazama!" Akanionyesha mkono. "Nikamwambia, jifinye weye! Akasema kwenye ndoto pia mtu anaumia, yeye aliota ameumwa na siafu akaamka anajikuna."

"Hapo ana hoja."

"Mama!"

"Nimenyamaza."

"Halafu akasema, niambie kitu nisichokijua, maana ndoto yangu haiwezi kujua nisichokijua. Nikamwambia shati lako umelivaa ndani nje. Akajitazama, akasema, hilo nilikuwa nalijua."

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe. Bibiane hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, akaweka kitana kwenye mapaja, na machozi yakaanza kushuka bila kelele, kama bomba bovu.

"Nimetoka Bukavu na mfuko mumoja," akasema kwa Kiswahili cha kwao, chenye "njo" badala ya "ndiye". "Miaka kumi na miwili naishi kwa vyumba vya watu. Huyu njo mutu wa kwanza aliyeniambia tutajenga. Jumatano jioni atapiga simu Kitgum, wale kaka wasipande basi. Akishapiga, imekwisha. Mwacholi akirudisha wazee njiani hawaiti tena."

Nikamsogezea leso yangu.

"Sasa unataka mimi nifanye nini?"

"Weye njo ulimuamsha. Umulalishe tena."

"Bibiane, mwanangu, filamu ndivyo ilivyosema."

"Basi uionyeshe tena, iseme vizuri."

Nikaenda kwa Valère. Alikuwa amepanda juu ya benchi anafunga waya.

"Jumatano saa nane mchana turudie ile ya ziwa," nikamwambia. "Ina mwisho mwingine."

"Mama, filamu ni moja."

"Ni moja. Lakini mimi nitaisikia vizuri zaidi."

Valère alinitazama kidogo. Ni mfanyabiashara, haulizi swali ambalo jibu lake litapunguza watu. Akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa nje: JUMATANO SAA NANE. MWISHO MPYA.

Kilichobaki ni kumleta Koplo. Jumanne nilimkuta mlangoni kwake anapiga viatu rangi, viatu ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa mpaka unaona meno yako.

"Koplo, njoo kesho utazame ile filamu."

"Nimeshaiona, Mama Kaltumi."

"Jumapili masikio yangu yalikuwa na mafua."

"Masikio yanapata mafua?"

"Kwa umri wangu kila kitu kinapata mafua."

Hakutabasamu. Zamani alikuwa anatabasamu. Akapuliza vumbi kwenye kiatu, akasema, "Nitakuja. Jeshini habari moja si habari."

"Na simu ya Kitgum?"

"Nitaipiga nikitoka hapo. Ama sitaipiga."

Basi Jumatano ikafika, na kibanda kikajaa kuliko sikukuu. Waliosikia mwisho wa kwanza walikuja kuulinda. Wasiousikia walikuja kwa sababu ya ubao. Bibiane alikaa benchi la pili na gauni la kijani. Sijui alilitoa wapi, lakini nilielewa shabaha yake. Koplo akaja, akakaa benchi lile lile, lakini akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

Na hapo ndipo mjukuu wangu Husnah akatokea.

Husnah anasoma chuo kikuu, amepanga hosteli Wandegeya. Alikuwa ameniletea dawa zangu za presha. Huyu mtoto Kiingereza anakijua mpaka akijikwaa anaguna kwacho.

"Husnah, acha dawa hapo, rudi shule."

"Leo sina kipindi, Jajja. Nikae kidogo nikusikilize. Sijawahi kukusikia kazini."

"Hakuna cha maana."

"Kila mtu anasema wewe ni hatari!" Akajibana benchi la tatu, akaweka mfuko wake kwenye magoti, akanitazama kwa fahari.

Nikatafsiri. Ziwa, chai, hospitali. Safari hii nilipanda mbegu mapema: kila tukifika hospitali nasema, "Hii ni malaria, jamani, huyu ana homa, anaweweseka." Husnah alikunja uso mara ya kwanza. Mara ya pili akageuka kunitazama. Mara ya tatu akaweka kiganja mdomoni, na sikujua kama anacheka ama anasali.

Shuka nyeupe. Nyayo. Kitasa. Mzungu akafungua mdomo.

"Mke wangu!" nikapiga kelele mpaka spika ikakwaruza. "Kumbe ni wewe! Homa imeisha! Hospitali ilikuwa ndoto, wewe ndiye wa kweli! Lete chai!"

Vigelegele! Mabenchi yakapigwa makofi kama ngoma. Bibiane alinitazama kama mimi ndiye niliyemzaa.

Koplo Opoka akanyoosha mkono juu, kama yuko paredi.

"Swali."

Nikasema, "Koplo, filamu imekwisha, haina maswali."

"Si lako, Mama. Ni la binti huyu." Akamgeukia Husnah. "Wewe unasoma chuo?"

"Ndiyo, Afande."

"Kiingereza unakijua?"

"Ndiyo, Afande."

"Yule mzungu mwishoni alisema nini?"

Husnah akanitazama. Nikamfanyia jicho. Lakini ni mimi niliyemlea, na nilimlea kwa fimbo ili asiseme uongo. Hiyo ndiyo hasara ya kulea vizuri.

"Hakusema kitu, Afande."

"Hata neno moja?"

"Alifungua mdomo tu. Halafu giza."

Kibanda kizima kikageuza shingo.

"Jajja," mtu wa nyuma akasema, "Jumapili ulitafsiri kimya?"

"Na leo amekitafsiri tena," mwingine akaongeza, "tofauti!"

Wakaanza kucheka, halafu wakaanza kugombana, maana sasa kila mtu alikuwa na haki ya kitasa. Mke wa sajenti akasema ameona mhuri kwenye pembe ya shuka, ni ya hospitali. Fundi viatu Mkongo akasema nyayo zile ni za mtu asiye na viatu, yeye viatu anavijua, na nesi gani anatembea pekupeku?

"Hospitali nilizolazwa mimi, wapo," akajibiwa.

Koplo akasimama. "Valère. Rudisha pale mwisho. Sauti yote. Mama Kaltumi asiseme."

Valère akarudisha. Na mimi, mwaka wa pili nikiwa na maiki, kwa mara ya kwanza nilikisikia kimya kile. Ni kirefu, wapendwa. Nyayo zinakuja taratibu, kitasa kinalia kidogo, mzungu anageuka, na uso wake una kitu ambacho sikukiona mara zote mbili nilipokuwa nabwabwaja juu yake. Anaogopa na anafurahi kwa pamoja. Halafu giza.

"Chuoni tuliijadili hii saa mbili nzima," Husnah akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu wetu alisema aliyeitengeneza aliiacha hivyo makusudi. Kwamba anayetazama achague mwenyewe nani yuko mlangoni."

Kumbe haikukatika! Wazungu wanamlipisha mtu kiingilio halafu wanamwachia kazi yao.

"Nichague mimi?" Koplo akauliza.

"Ndiyo, Afande."

"Binti, mimi nilistaafu nikiwa koplo. Koplo hachagui. Koplo anaambiwa."

Bibiane akainuka. Akavuka ile nafasi ya mtu mmoja, akasimama mbele yake. Alikuwa anamfikia kifuani.

"Basi miye nakuambia. Koplo Opoka!"

"Naam!" Mguu wa Koplo ukagonga sakafu wenyewe.

"Simu hutapiga."

"Sitapiga."

"Wazee watapanda basi."

"Watapanda."

"Na weye ukiwa macho, ukiwa umelala, Jumamosi utakuwa pale kwetu saa nne."

Koplo akalitazama gauni la kijani. Halafu, taratibu, lile tabasamu la zamani likarudi. "Saa tatu na nusu," akasema. "Mwanajeshi hafiki saa yenyewe."

Vigelegele vya sasa havikuwa vyangu, na vilikuwa vikubwa zaidi. Mke wa sajenti alicheza peke yake kati ya mabenchi. Bibiane akashika mkono wa Koplo, wakaanza kuelekea mlangoni. Nikamshukuru Mungu kwa kuniokoa na kazi ya mdomo wangu, nikaanza kukusanya waya wa maiki. Maiki sikuizima, kwa sababu ya haraka.

Karibu na meza yangu Koplo akasimama.

"Mama Kaltumi."

"Koplo. Hongera, baba."

"Jeshini," akasema, bila hasira, kama mtu anayefikiri huku anatembea, "tukikamata barua ya uongo hatukuuliza inasema nini. Tuliuliza nani ameiandika, na anataka twende wapi."

"Barua gani tena, Koplo?"

"Mzungu hakusema kitu. Sasa yale ya Jumapili yalikuwa maneno ya nani?"

Husnah akashusha mfuko wake.

"Yalikuwa yangu," nikasema.

"Ulikuwa na mlango na kitasa tu. Ungeweza kumwingiza mtu yeyote. Ulinitazama mimi, nilikuona, halafu ukasema." Akainama kidogo, kama alivyokuwa anainama zamani akinishikia tochi. "Kwa nini ulitaka niamke peke yangu?"

Wasomaji wangu, nimewaambia uongo mwingi mdogo tangu hadithi hii ianze, na mwingi mmeucheka. Ule mmoja, kwamba sikuwa nahesabu miezi tangu Februari, niliubakiza kwa ajili yangu mwenyewe, na Mwacholi huyu ameukuta bila tochi.

Bibiane aliuachia mkono wa Koplo. Alinitazama usoni, akatazama kiti kilicho tupu kando ya meza yangu, kile cha mshika tochi, akanitazama tena. Ni msusi, kazi yake ni kusoma vichwa vya watu.

Pumzi zangu zilikuwa zinatoka kwenye spika ya nje, moja baada ya nyingine. Barabarani wenye boda walizima pikipiki ili wasikie.

"Jibu, Mama," Bibiane akasema.